Picha ya Harusi Nyuma ya Barua

Kwa siku nne sikulala vizuri kwa sababu ya picha. Haikuwa picha ya marehemu wala ya mtu niliyempenda. Ilikuwa ya harusi ya watu wengine, iliyokaa nyuma ya barua kwenye kompyuta ya kazini, na aliyeiweka pale ni mimi. Swali lilikuwa moja, lakini kila nilipoligeuza lilizaa mengine. Niiondoe au niiache? Nikiiondoa kimya, Mama ataona nimemnyang'anya zawadi niliyompa kwa mkono wangu. Nikiiondoa na kusema sababu, nitakuwa nimemwambia usoni kwamba macho yake yamechoka. Nikiiacha, siku moja siri ya mtu itatoka kwenye printa na kuingia mkononi mwa jirani yake. Nilijigeuza kitandani mpaka dada yangu, ninayelala naye chumba kimoja, akaniuliza kama nina malaria.

Najua ni jambo dogo. Mtu mwingine angelimaliza kwa dakika mbili na kwenda kula. Mimi nimezaliwa hivi: hata salamu naifikiria kabla ya kuitikia.

Huyo ninayemwita Mama si aliyenizaa. Ana sekretaria, yaani ofisi ya kuandikia watu barua, hapa Kasongo, karibu na mahali ambapo pikipiki za Kabambare husubiri abiria. Ni chumba kimoja chenye meza, kompyuta, printa, benchi la wateja, na betri zinazokula jua kutoka kwenye paa. Zamani aliandika kwa mashine ya chuma, ile ya kupiga kwa vidole. Bado iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na kwa ajili yake mji mzima humwita Mama Masini. Ningetaja jina lake la ubatizo, watu wengi hapa wasingelitambua.

Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na lisansi, yaani digrii, ya informatiki na bila kazi. Mama yangu mzazi alimwomba anipokee, nisikae nyumbani nikihesabu kuku. Mama Masini aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele, akasema, "Anajua kusikiliza?" Mama yangu akajibu kwamba ninajua mambo yote ya kompyuta. "Sikuuliza hilo," akasema Mama Masini, lakini alinipa kiti.

Asubuhi ya kwanza nilipowasha kompyuta niliona haina picha. Nyuma ya majina ya barua zilizohifadhiwa humo kulikuwa na buluu tupu, rangi moja kutoka pembe hadi pembe. Nilimwonea huruma. Chuoni kila mtu alikuwa na kitu kwenye kioo chake: mji wenye taa, gari, maporomoko ya maji, uso wake mwenyewe akiwa amevaa joho. Buluu ile niliiona kama nyumba isiyopakwa chokaa. Nikamwomba simu yake, nikatafuta humo picha moja nzuri, nikapata ya harusi ya binti yake wa mwisho, aliyeolewa Kabambare. Wanawake zaidi ya ishirini wamesimama mbele ya nyumba, wote wamevaa kikwembe kimoja cha sare, cha njano na nyekundu, chenye ndege wa kijani na maua meupe makubwa kama sahani. Nikaipanua ikajaza kioo chote.

Mama alipiga makofi. "Kweli mutoto umesoma," akasema. Nilijisikia nimelipa karo yote ya wazazi wangu kwa mpigo mmoja.

Wateja nao waliifurahia, kwa namna yao. Mzee mmoja aliyekuja kuandika barua kwa mkuu wa sekta alikaa kwenye kiti cha pembeni, maana kwetu mteja hukaa ubavuni mwa mwandishi na kuangalia kioo pamoja naye, akashtuka.

"Ee, Mama Masini! Leo tunaandika kwa Serikali mbele ya mashahidi wote hawa?"

"Ni watu wa harusi, Papa. Hawasikii."

"Wanawake ishirini, wasisikie kitu? Lisansi, uwafunge masikio."

Ndivyo nilivyopata jina. Kuanzia siku ile, kwa kila mtu aliyekalia lile benchi, mimi ni Lisansi.

Nilidhani nimekwenda pale kumfundisha Mama kompyuta. Wiki ya pili niliacha kudhani hivyo. Alikuwa na kazi ambayo haipo katika kozi yoyote niliyosoma. Mtu aliingia na hasira yake yote, akaimwaga mezani, na Mama akaikunja vizuri mpaka ikawa barua.

Namkumbuka mama mmoja mkulima aliyeingia na jembe begani, hajanawa hata miguu.

"Andika kwamba jirani yangu ni mwizi. Na mama yake alikuwa mwizi. Na huyo anayelala naye..."

"Pole, mama. Keti kwanza. Ulimwona akiiba?"

"Sikumwona. Lakini mahindi yangu hayana miguu!"

"Basi tuandike hivi: Jumanne mahindi yalikuwako, Jumatano hayakuwako, na unaomba wakubwa waje waone. Je, hayo ni ya kweli?"

Yule mama akafikiri. "Ni ya kweli. Lakini hayana chumvi."

"Chumvi watatia wenyewe wakifika."

Akacheka bila kutaka, na barua ikaandikwa. Vidole vya Mama vilikuwa havitafuti herufi. Alimtazama mteja machoni, na vidole vikaenda vyenyewe, vikali, kwa sababu mashine ya chuma ilimzoesha kupiga kwa nguvu. Kwenye kibodi yetu herufi ya A imefutika kabisa.

Tena alikuwa na sheria moja asiyoivunja. Barua haitoki pale mpaka mwenyewe ameisikia. Ikiwa ni ya Kifaransa, aliisoma kwa Kiswahili, sentensi moja moja, akimwangalia mteja usoni ili aone mahali anapokunja uso. Alianza zamani, wakati kosa moja lilimaanisha kutupa karatasi na kaboni na kuanza upya. Kompyuta ilipokuja, kosa likawa rahisi kufuta, lakini sheria ilibaki. "Mutu atatia mukono wake chini ya maneno haya," aliniambia. "Akiulizwa kesho, lazima ayajue kama anavyojua watoto wake." Wazee wasiojua hata neno moja la Kifaransa walitoka pale wanaweza kukariri barua zao hadi barabarani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mzee yule wa mashahidi alirudi na jambo la mpaka wa shamba. Barua yake iliandikwa jioni, betri zikaisha kabla ya kuchapa, Mama akamwambia aje asubuhi. Siku hiyo hiyo, kabla yake, alikuwa amekuja mke wa mchimba dhahabu wa Salamabila. Yeye aliandika kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akimwuliza mumewe kama ni kweli amechukua mwanamke mwingine kule machimboni. Mama alimwuliza kwa nini asimpigie simu. "Simu anaizima," akasema. "Barua haizimwi." Alitaka siku mbili za kufikiri kabla ya kuikabidhi kwa mwenye pikipiki. Barua zote mbili zilikaa kwenye kioo, moja chini ya nyingine, juu ya vikwembe vya harusi. Na mke yule na mzee yule ni watu wa kiambo kimoja. Nyumba zao zinapokezana moshi.

Asubuhi mzee akakaa kwenye kiti cha pembeni, akafungua miwani yake yenye mkono mmoja, akagundua ameacha kioo kimoja nyumbani, akairudisha mfukoni. Mama akafungua barua. Akamgeukia, akaanza kumsomea.

Alisoma vizuri kama siku zote. Mpaka unaanza kwenye kichuguu kikubwa, unafuata michikichi saba, unashuka hadi kijito, na huko kijitoni jiwe alilopanda baba yake mzee liliondolewa msimu wa mvua uliopita. Mzee alitikisa kichwa kwa kila kituo. "Ndiyo. Ndiyo hivyo. Umesema kuliko mimi mwenyewe."

Mama akaamuru printa. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, ni kazi yangu kupokea karatasi. Karatasi ikatoka, nikaona maneno ya kwanza: Baba wa watoto wangu.

Mzee alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Imekwama, Papa! Ngoja kidogo," nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia ndani ya blauzi. Nikainama mbele ya Mama, nikafungua barua ya shamba, nikachapa. Mzee akatia saini, akashukuru, akaniambia masini yangu imezeeka kabla yangu, akaenda.

Nilikaa chini. Lakini kilichonishangaza kuliko hofu kilikuja baadaye, nilipokuwa nakunywa chai. Kama kwenye kioo kulikuwa na barua ya mke wa mchimba, Mama alikuwa anasoma nini? Nikafungua barua ya mzee, nikaifuata mstari kwa mstari. Kichuguu, michikichi, kijito, jiwe, msimu wa mvua. Hakukosea hata moja, wala mpangilio wake. Aliisoma yote kutoka kichwani. Kumbe alikuwa anazibeba barua za watu wote hawa, na kioo kwake kilikuwa heshima tu kwa wateja. Mimi niliyesoma miaka mitano siwezi kukumbuka mtihani niliofanya juma moja kabla.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama. Nilimwona akisogeza uso karibu na kioo, kisha akihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne kutoka juu, ndipo anabonyeza. Majina ya barua ni herufi nyeupe ndogo. Nyuma yake yalikuwa maua meupe makubwa kama sahani, na ndege, na njano, na nyekundu. Hata mimi mwenye macho mapya nilipaswa kuangalia mara mbili. Juu ya ile buluu tupu niliyoihurumia, herufi zile zilikuwa zinaonekana kama unga juu ya meza. Mtu aliyemwekea buluu ile, yeyote aliyekuwa, alimjua Mama kuliko mimi.

Jioni, tukifunga, Mama aliuliza bila kunitazama, "Karatasi ile ilikwama wapi?"

"Ndani, kwenye roli inayovuta karatasi, Mama."

"Aa," akasema, akafunga kufuli.

Siku zilizofuata alibadilika kidogo. "Nifungulie ya papa," alisema. "Nifungulie ya yule mama wa Nyangwe." Nilifungua. Nikajiambia kwamba ananifundisha kazi. Nikajiambia hivyo siku mbili, nikijua si kweli.

Usiku ndipo nilipotengeneza hila. Ningeweza kusema betri ziliisha ghafla na kompyuta ikapoteza picha yenyewe. Nani angepinga? Mimi ndiye Lisansi. Au ningesema ni virusi. Neno hilo hapa linatosha kueleza kila kitu. Kisha nikaiona asubuhi yenyewe: Mama anasikitika, ananiomba niirudishe, maana simu bado inayo. Nami nitasema nini, virusi vimeingia hata kwenye harusi? Nikaanza kufikiria yule binti wa Kabambare. Labda picha hiyo ndiyo njia ya Mama ya kumwona kila siku. Labda nikiiondoa nitakuwa kama mtu anayefagia nyumba ya mwenzake na kutupa kitu asichojua thamani yake. Dada yangu akanipiga kiwiko.

Siku ya nne nilitumwa kununua karatasi. Niliporudi nilikutana mlangoni na mwalimu mmoja wa shule ya msingi akitoka, bahasha tupu mkononi.

"Mbona unaondoka, Mwalimu?"

"Mama amesema nirudi ukiwapo. Barua yangu iko humo, lakini anakungoja wewe uifungue." Akatabasamu. "Sasa wewe ndiye mkubwa wa hapa, Lisansi."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka kwa adabu. Lakini nilipoingia nilimkuta Mama amekaa mbele ya kompyuta inayowaka, mikono mapajani. Sikuwahi kuona mikono ile imelala mchana. Mtu aliyeandikia mji huu tangu kabla sijazaliwa alikuwa anarudisha wateja, kwa sababu ya maua niliyoyaweka mimi. Kama ingeendelea hivyo, mwezi ungeisha watu wamezoea kuniuliza mimi, kisha wangezoea kutomwuliza yeye kabisa.

Nikaweka karatasi mezani. Nilikuwa nimetayarisha sentensi tatu kwa siku nne, na zote zikanikimbia.

"Mama, nataka kuondoa picha."

"Picha gani?"

"Ya harusi. Hiyo hapo."

"Imeharibika?"

Alinifungulia mlango wa uongo kabisa, na nilitia mguu mmoja ndani. "Haijaharibika. Ila majina ya barua hayaonekani juu ya vikwembe. Hata mimi nina..." Nikautoa mguu. "Hapana, Mama. Mimi nayaona, kwa shida lakini nayaona. Ni wewe. Siku ile ya mzee wa shamba ulifungua barua ya mke wa Salamabila. Ndiyo iliyotoka. Karatasi haikukwama. Niliificha."

Nje pikipiki moja ilikuwa inakataa kuwaka, na mwenyewe anaitukana. Nikangoja kufukuzwa.

"Karatasi ikikwama, masini inalia," akasema Mama mwishowe. "Kiii, kiii. Nimekaa nayo miaka. Siku ile haikulia."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna kitu. Nikangoja uniambie. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Nikasema, huyu mutoto ama ananiogopa, ama ananihurumia." Akanitazama kwa yale macho anayotazamia wateja. "Nikaomba iwe unaniogopa."

"Ninakuogopa sana, Mama."

"Vizuri."

"Lakini picha... mbona hukuniambia kwamba inakusumbua?"

"Nikwambie vipi? Siku ile uliiweka ukazunguka meza kama kuku aliyetaga yai la kwanza! Nikasema, acha. Nitazoea. Nitahesabu tu kutoka juu. Kumbe wewe kila ukiandika barua mpya, hesabu inasogea."

Hilo sikulifikiria. Mimi ninayefikiri kila kitu! Kompyuta ilikuwa inapanga barua mpya juu, za zamani zinashuka, na Mama alikuwa anahesabu kwenye ngazi ambayo mtu anaongeza vidato. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na nikaona yeye amekwisha kuchagua kucheka, mabega yanatikisika.

"Na binti yako?" nikauliza. "Hutaki kumwona?"

"Binti yangu iko Kabambare, haiko humu. Nikimtaka ninampigia simu. Ananiomba mafuta ya mawese, ananiomba sabuni, ninakata." Akasogeza kiti chake pembeni, kwenye nafasi ya mteja, akaniachia kile cha mwandishi. "Ondoa. Lakini usinichagulie rangi wewe. Nionyeshe zote."

Kompyuta yetu husema Kifaransa, na kuna mahali pameandikwa *couleur unie*, yaani rangi moja isiyo na kitu juu yake. Nilipabonyeza. Wale wanawake ishirini wakaondoka mara moja, na kikatokea kisanduku cha rangi. Nikamwonyesha kijivu. "Hiyo ni mvua," akasema. Nikamwonyesha waridi, akaniangalia kama nimemtukana. Nyekundu alisema inamfanya asikie joto. Kijani kilimvutia kidogo, akakiegemea, akajaribu kusoma, akatikisa kichwa. Nikaenda kwenye buluu, lakini si ile ya kwanza. Nikaishusha hatua kwa hatua kuelekea giza, yeye akiwa ameinua kidole, mpaka akasema, "Simama hapo." Ilikuwa buluu nzito, karibu ya wino. Majina ya barua yakakaa juu yake meupe, kila moja peke yake. Nikayakuza kidogo. Kisha, bila kuulizwa, nikaizuia kompyuta isiyapange upya yenyewe, ili barua ikae ilipowekwa.

Alianza kusoma kwa sauti. Alisoma safu ya kwanza yote, kutoka juu hadi chini, hakuhesabu, na hakusogeza uso. Alipofika kwenye barua ya mwalimu alinigeukia.

"Yuko mbali?"

"Ameelekea sokoni, Mama. Sasa hivi tu."

"Kimbia ukamwite. Mwambie barua yake ninaifungua mimi."

Nikabonyeza pale pa kukubali, rangi ikabaki, nikatoka mbio na kiatu kimoja, cha pili kimebaki chini ya meza.